Kama Hakuna Pingamizi

Kuku wetu walikuwa wamesimama uwanjani tena. Banda lao lilikuwa kule kwenye kivuli, mlango wazi, maji yamejaa, kila kitu sawa. Wao walikuwa wamejikusanya hapa mbele ya nyumba, penye udongo mtupu, mahali banda lilipokuwa kabla hatujalihamisha. Kila jioni walirudi hapo na kusimama wakitazama mbele, kama wafanyakazi wanaosubiri mlango wa lifti ufunguke. Mimi ndiye mkuu wa Idara ya Kuku, kwa hiyo kazi ya kuwabeba mmoja mmoja hadi bandani ilikuwa yangu.

Msicheke. Shambani kwetu kuna idara. Mume wangu ndiye aliyezigawa juma lile lile tulipofika, jasho likimchuruzika mpaka kwenye soksi, maana alikuwa bado anavaa soksi. Kuna Idara ya Kuku, Idara ya Mbuzi, Idara ya Mboga, na Idara ya Maji, ambayo ni mipira mirefu yenye vitundu vinavyodondosha matone kwenye mashina ya nyanya. Watumishi wa idara zote ni sisi wawili. Kila Jumatatu asubuhi tunakaa barazani, yeye anakohoa kidogo, na kikao kinaanza.

Jina lake la utani ni Mwenyekiti. Alipewa kazini, katika kampuni ya bima ambako tulifanya kazi sote wawili mpaka nywele zikabadilika rangi. Yeye aliendesha vikao, mimi niliongoza kitengo cha malalamiko. Yaani kutwa nzima nilisikiliza watu wenye hasira: aliyeunguliwa na nyumba, aliyegongewa gari, na yule mmoja aliyegongewa gari ambalo hata si lake. Nikirudi nyumbani sikuwa na hamu ya kulalamika hata chai ikiwa baridi. Naye alikuwa na maneno yake, yaliyomfanya apendwe na wakubwa kwa sababu vikao vyake viliisha mapema. Alisoma pendekezo, akazungusha macho mezani, akasema, "Kama hakuna pingamizi, tunaendelea." Kabla mtu hajameza mate, tayari tumeendelea.

Maneno hayo aliyaleta nyumbani kama watu wanavyoleta kalamu za ofisini. Rangi ya sebule, shule za watoto, sofa la kijani lililokuwa linachoma mapaja, vyote vilipita hivyo. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilidhani ni vitu anavyovipenda. Mtu amechoka, amekuletea pendekezo la sofa, utamkatalia kwa moyo gani?

Mji tuliotoka ni wa baridi. Nyumba yetu ilikuwa na dirisha la jikoni linalotazama geti, na vyumba vya watoto vilikuwa juu, mlango kwa mlango, ili wagombane vizuri. Kifungua mimba, wa kiume, alioa akahamia mbali. Kitinda mimba, binti yetu, alipata kazi mji mwingine akaondoka na masanduku yake na kioo chake cha ukutani, kikaacha alama nyeupe. Baada ya hapo nyumba ikawa na mwangwi. Tulikula tukitafuta la kusema, na tulipolikosa tuliusifia mchuzi, hata siku ambazo niliupika vibaya.

Kisha Jumapili moja nikamkuta Mwenyekiti sofani, simu juu ya kifua, inaonyesha video ya mume na mke waliovaa kofia pana wakikamua mbuzi mahali penye jua kali. Nikajisemea, kumbe mwenzangu anaota jua. Siku chache baadaye, mezani, akaweka kijiko chini. Alisema amefikiria sana. Tuache kazi kabla ya muda, tutafute shamba upande wa joto, tufuge, tulime, tule vyetu. Akanitazama kwa macho ya kubembeleza. "Kama hakuna pingamizi," akasema.

Nilikuwa naipenda kazi yangu. Nilikuwa napenda baridi, napenda sweta zangu, napenda hata wale watu wenye hasira. Lakini nilimwona alivyonyong'onyea tangu watoto waondoke, nikajikaza kisabuni, nikatabasamu. Tukaendelea.

Huku tumekaa sasa mvua zimekuja na kuondoka. Kilichobaki mjini ni nyumba tu. Mnunuzi alipatikana, daktari wa meno mwenye watoto wadogo, akasema atakuja mwenyewe na karatasi tusaini. Akishaondoka nazo, mimi na mume wangu hatuna pa kurudi.

Asubuhi ya siku ya kusaini nilikuwa nasugua vyombo vya maji ya kuku, binti yetu akapiga simu.

"Mama, leo ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Una furaha?"

"Baba yako ana furaha, na mimi hilo linanitosha. Ndoto yake imetimia."

Simu ikanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika, nikaitikisa, maana mpaka leo naamini simu ikitikiswa inaelewa.

"Mama, ndoto ya nani?"

"Ya baba yako. Shamba, mbuzi, jua, mambo yote haya."

"Mbona baba aliniambia ni ndoto yako?"

"Yangu mimi?"

"Alisema nilipoondoka ulikuwa kila jioni kwenye dirisha la jikoni unapanda nyanya kwenye makopo. Akaniambia, roho ya mama yako iko shambani, siwezi kumwacha akanyauka mjini. Ndiyo maana akaacha kazi, mama. Na unajua alivyokuwa anaipenda."

Nilikaa juu ya ndoo. Ilikuwa na maji, sketi ikalowa, nikaendelea kukaa. Zile nyanya! Nilizipanda kwa sababu dirisha lile linatazama geti, na saa ile ndiyo binti, kabla hajahama, alikuwa anarudi kutoka kazini. Mtu mzima hawezi kusimama tu dirishani akitazama geti ambalo halifunguki. Nilihitaji kitu cha kushika mikononi. Kama jikoni pangekuwa na uzi, ningefuma, na leo pengine tungekuwa tunafuga kondoo.

"Mama, upo?"

"Nipo," nikasema, ingawa sikuwa na hakika nipo wapi.

Nilimkuta Mwenyekiti kwenye Idara ya Maji, amepiga magoti, anapuliza mpira ulioziba. Mashavu yalikuwa yamevimba na uso wote matope. Aliponiona aliutoa mdomoni haraka, akajifuta kwa kola ya shati. Bado anavaa mashati ya ofisini, anasema yataishia wapi.

"Leo una furaha, mke wangu?" akaniuliza.

"Wewe je?"

"Wewe ukiwa na furaha, mimi nina furaha."

"Na mimi nina furaha wewe ukiwa nayo."

"Basi vizuri," akasema, akaurudisha mpira mdomoni.

Nikasimama pale. Kumbe ndivyo tulivyoishi! Kila mmoja anashika kamba akidhani mwenzake ndiye anayevuta. Nikapiga moyo konde nikajaribu upande mwingine.

"Ile video ya mbuzi uliipata wapi?"

"Video gani?"

"Ile. Jumapili ile, kwenye sofa. Mume na mke wenye kofia."

Akafikiri, mpira unamdondoshea matone kwenye goti. "Mimi nilikuwa natazama habari, nikapitiwa na usingizi. Simu ikaendelea yenyewe. Kwani ilionyesha mbuzi?"

Nilizunguka nyuma ya nyumba nikajifanya natafuta mayai. Nilitaka kukasirika, na hasira naijua, nimeishi nayo kitengo kizima, lakini sikujua nimkasirikie nani. Yeye alikuwa ameacha kazi aliyoipenda kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa nimeacha kazi niliyoipenda kwa ajili yake. Hapa pote, uzio, mbuzi, mabomba, mihogo, hapakuwa na mtu aliyepataka. Kilichosababisha haya yote ni simu iliyocheza peke yake na makopo ya nyanya.

Kwa hiyo turudi, nikajiambia. Ni rahisi, kataa kusaini, funga virago. Lakini wazo hilo halikukaa vizuri pia. Nilifikiria mlango wa geti, vyumba vya juu, ile alama nyeupe ya kioo, nikahisi baridi mgongoni katikati ya joto lile. Halafu kuna kuku mmoja mweupe, kilema, ambaye mchana hulala juu ya mguu wangu nikichambua mboga. Mgongo uliokuwa unaniuma ofisini hauumi tena. Sijavaa viatu vya kubana tangu tufike. Je, napapenda hapa? Au nimepazoea tu kama nilivyolizoea lile sofa? Nilikuwa na umri wa kuwa bibi wa mtu, na swali la ninataka nini lilikuwa jipya kwangu kabisa.

Daktari wa meno alifika mchana, jua la utosi. Alikuwa kijana nadhifu mwenye tai, na tai ile ilimpendeza mbuzi mmoja mara tu alipofungua mlango wa gari, ikabidi Mwenyekiti aingilie kati.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari. Karibu, pole na njia."

Tukamkalisha barazani, kwenye viti vyetu vya kikao. Nilimpa maji ya baridi. Alikuwa na tabia ya kuwatazama watu midomo wanapoongea, kwa hiyo sote wawili tukawa tunaongea kwa midomo nusu. Akasifia shamba. Akasema nyumba ya mjini ameiona, vyumba vya juu vitawafaa sana watoto wake, vile vilivyo mlango kwa mlango. Nikamwongezea maji kabla hajamaliza yale ya kwanza.

Akatandaza karatasi, akaweka kalamu juu. Mwenyekiti akaivuta karibu, akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa kama alivyosoma maisha yake yote, polepole, kidole kikitangulia. Alipofika mwisho akavua miwani. Akakohoa kidogo. Macho yake yakazunguka meza, kwa daktari, kwa jagi la maji, kwangu.

"Basi, kama hakuna pingamizi..."

"Lipo," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mbuzi walinyanyua vichwa. Mwenyekiti alibaki mdomo wazi, daktari akapata nafasi ya kuuchungulia.

"Umesema?"

"Nimesema lipo. Pingamizi. Lipo."

Nadhani katika miaka yake yote ya vikao hakuwahi kulisikia neno hilo, maana hakujua afanye nini na mikono. Aliweka kalamu chini, akaiokota, akaiweka tena.

"Pingamizi lako ni lipi, mke wangu?"

"Sijui."

"Pingamizi lazima liwe na sababu."

"Langu halina. Ni pingamizi tu. Nyanya zile nilikuwa namsubiri mtoto getini, Baba. Sikuwahi kutaka shamba. Nilidhani wewe ndiye unalitaka."

Nilitegemea acheke, au akasirike, au aniambie tusiaibishane mbele ya mgeni. Uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ulilegea, kama mtu aliyebeba sanduku zito kwenye ngazi akaambiwa siyo ghorofa hii.

"Hukulitaka," akasema.

"Hapana. Na wewe?"

"Mimi? Mimi siwezi hata joto." Akamgeukia daktari kana kwamba anamtaka awe shahidi. "Natoka vipele. Sijamwambia mtu."

"Basi mzee," daktari akasema kwa upole, "mngependa kurudi mjini?"

Lilikuwa swali la haki. Tukatazamana, na nikaona kwamba Mwenyekiti amerudi kwenye kitu pekee anachokijua akichanganyikiwa. Aliketi wima.

"Tupige kura," akasema. "Wanaotaka kurudi mjini, wanyooshe mikono."

Nilitazama mkono wangu. Haukwenda popote. Wake pia ulikuwa juu ya goti.

"Wanaotaka tubaki."

Upepo ulipita, karatasi zikatikisika, daktari akazishika. Hakuna mkono.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, siyo ya kikao, "Wasiojua."

Nikanyoosha mkono. Naye akanyoosha wake. Tukabaki hivyo, watu wazima wawili mikono juu barazani kwetu wenyewe, na mimi sikumbuki lini tulikubaliana vizuri hivyo.

Daktari alikusanya karatasi zake. Hakukasirika, lakini alieleza kwa adabu kwamba hawezi kungoja, shule zinafunguliwa, itabidi atafute nyumba nyingine. Nilimwomba radhi. Mazoea ya kazi yakanifanya nimuulize kama nilivyokuwa nawauliza wenye malalamiko wote.

"Na mke wako, nyumba yetu aliipenda?"

"Aliipenda sana, mama."

"Alisemaje?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. "Hakusema kitu," akajibu. "Nilimwonyesha, hakusema kitu."

Alitembea mpaka kwenye gari lake polepole. Hakuliwasha. Tulimwona ndani, vioo vimefungwa kwenye joto lote lile, simu sikioni, anasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaondoka bila kupunga mkono, na sijui mpaka leo aliambiwa nini.

Kila mmoja alienda kwenye idara yake. Niliogopa, sifichi. Kwa sababu swali likishafunguliwa halichagui mahali pa kuingia. Kama shamba lilipita hivyo, na sofa lilipita hivyo, basi ni kitu gani katika maisha yetu ambacho mtu alikitaka kweli? Nilipekua mambo yetu nyuma, moja baada ya jingine, nikikaribia mwanzo kabisa, na kila nilipokaribia nilipata kazi nyingine ya kufanya. Nilisugua vyombo vya kuku ambavyo vilikuwa vimeshasuguliwa.

Jua lilipoanza kushuka, kuku wakaja. Wakasimama pale pale penye udongo mtupu, wamekazia macho mlango usiokuwepo. Mwenyekiti alitoka nyumbani akasimama kando yangu.

"Kwa nini tulilihamisha hili banda?" akauliza.

"Si wewe uliyetaka kivuli?"

"Mimi nilipendekeza kivuli kwa sababu ulisema kuku wanahema."

"Nilisema tu. Mimi nilipenda likae hapa. Nikiamka nawaona."

"Hata mimi," akasema.

Tulienda kule kwenye kivuli. Ni banda la mbao na wavu, watu wawili wanaliweza wakiwa na nia. Yeye akashika mbele, mimi nyuma. Tulikwenda tukitweta, tukigongana hatua, yeye akitoa maelekezo na mimi nikiyapinga yote, kushoto, siyo kushoto, ngoja, jiwe. Katikati ya uwanja tulilitua tupumzike. Akaketi upande wake, mimi upande wangu, banda katikati yetu. Nilimwona kupitia kwenye wavu.

"Baba Watoto."

"Naam."

"Na mimi je?" Nilichomeka kidole kwenye wavu. "Mimi nilipitaje? Ulinitaka, au hapakuwa na pingamizi tu?"

Alinyamaza mpaka nikajuta kuuliza, nikasimama nishike banda tuendelee, maana mtu anaweza kuishi bila kujua kila kitu. Ndipo nikasikia anacheka. Anacheka na kukohoa, mkono kiunoni.

"Wewe?" akasema. "Wewe hukupita hivyo! Umesahau? Ulinikataa mbele ya dada zako wote. Ulisema naongea kama tangazo la stesheni. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikaja tena, ukanikataa. Nikaja tena, mama yako akanifungia mlango, nikaeleza shida yangu kwa mlango. Baba yangu alikupinga. Kaka zangu walikupinga. Wewe mwenyewe ulijipinga." Alijifuta macho kwa kola ya shati. "Maisha yangu yote nimependekeza mambo nikitazama nyuso za watu. Ni jambo moja tu nililowahi kulitaka huku meza nzima inakataa."

Nililia pale pale, mikono juu ya banda. Nililia kama walivyokuwa wakilia kwenye kitengo changu wale ambao hawakuja kudai chochote, wamekuja tu wasikilizwe. Hakuniambia ninyamaze. Nyumba ya mjini ilikuwa bado yetu, na shamba lilikuwa bado letu, na hatukujua tutalala wapi mwakani.

"Haya, nyanyua upande wako," akasema hatimaye. "Wanangoja."

Tukanyanyua. Kuku hawakutupisha. Walibaki wamesimama pale, tukalishusha banda taratibu karibu yao, mlango ukiwaelekea, nao wakaingia.